Jibu la Léocadie

Pierre alikuwa mpagazi wa bandari ya Kalundu, mjini Uvira, mtu wa mgongo mpana na maneno machache. Katika watoto sita aliozaa na Pétronille, walibaki wawili tu: Léocadie, kifungua mimba, na Félicien, kitinda mimba. Kati yao palikuwa na makaburi manne madogo. Félicien akakulia mgongoni mwa dada yake. Alimwita Yaya, kama watoto wote wa Uvira wanavyowaita wakubwa wao, na hata alipoota ndevu hakupata kumwita kwa jina.

Kifafa kilimwingia Léocadie akiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya homa iliyomlaza juma zima. Kwanza alikodoa macho na kutafuna kinywa kikiwa kitupu, kisha alianguka na kupigapiga chini kama samaki aliyetupwa mchangani. Wazazi wa watoto wengine walikwenda kwa masere, watawa wa shule, wakasema: ama huyu, ama watoto wetu. Masere wakamrudisha nyumbani, darasa la pili hakulimaliza. Pale Kasenga, mtaani kwao, watu waliamini kwamba mate ya mgonjwa wa kifafa yakikugusa, nawe utaanguka, kwa hiyo alikuwa na sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake. Félicien mdogo hakuelewa habari hizo. Alikaa chini na kutia mkono katika bugali la Yaya wake. Pétronille alimchapa mara ya kwanza, akamchapa mara ya pili, mara ya tatu akageuza uso akawaacha wale pamoja.

Alipofika miaka kumi na saba, Léocadie aliangukia jikoni, mkono wa kushoto ukaingia katika makaa. Vidole viwili viliungana wakati wa kupona, havikuachana tena. Baadaye aliolewa na fundi cherehani wa Mulongwe, ambaye alikuwa hajaambiwa habari za kifafa. Mwezi wa tatu mashemeji wawili walimrudisha mchana kweupe, mmoja amebeba mkeka wake, na wala hawakukubali kukaa wala kunywa maji. Dispensari ilimpa vidonge. Vilimlegeza macho na miguu, lakini kuanguka aliendelea kuanguka.

Uhuru ulikuwa haujafikisha mwaka askari walipoingia mjini wakipiga risasi hewani, na baadaye si hewani. Watu walishika njia ya milimani. Félicien, kijana wa miaka ishirini, alitangulia na mama yake, huku Pierre na Léocadie wakifuata. Pale mtoni Kalimabenge, juu ya mawe, Léocadie akaanguka. Watu walimruka kama wanavyoruka gogo. Pierre alitua mzigo, akarudi, akampigia magoti na kumshika kichwa kisipasuke juu ya jiwe. Félicien aliyaona yote kutoka juu. Aliona askari wakifika ng'ambo, na baba yake akiinua mkono mmoja kuwaomba wangoje, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa chini ya kichwa cha binti yake.

Jioni walipoweza kushuka walimkuta Léocadie ameamka, amekaa kando ya maiti ya Pierre.

"Papa analala hapa juu ya nini?" akauliza, kama mtu asiyeona sababu.

Kuanzia siku hiyo Félicien alikuwa na hofu moja iliyozishinda nyingine zote. Nchi ilikuwa inachafuka, hilo hata mtoto aliliona, na watu wangekimbia tena. Wakati wa kukimbia, anayeanguka huachwa; na asipoachwa, anayemrudia ndiye hufa.

Mwaka uliofuata misheni ilimpatia nafasi ya kwenda Ubelgiji kusomea uuguzi. Alisoma kwa bidii ya mtu aliyeacha kitu nyuma. Mwaka wa pili profesa mmoja, mzee mwembamba aliyepasua vichwa, aliwafundisha wanafunzi juu ya kifafa. Akasema kwamba aina fulani inayoanza kwa kukodoa macho na kutafunatafuna hutoka katika kovu lililo ndani ya kichwa, karibu na sikio, na kwamba kovu hilo likiondolewa mgonjwa huweza kupona kabisa. Félicien alisahau kuandika. Somo lilipokwisha alimfuata profesa kwenye ukumbi, akamweleza habari za Yaya tangu ile homa hadi mtoni. Profesa alisimama akamsikiliza, koti likiwa limevaliwa mkono mmoja.

Ilichukua mwaka mzima wa barua. Mwezi wa nne wa 1964 Pétronille alimsindikiza binti yake hadi mpakani Kavimvira, akamfunga rozari shingoni, akamkabidhi kwa masere waliokuwa wanasafiri. Siku mbili baadaye Léocadie alishuka katika ndege, amevaa koti la kuazima, anauliza kama nchi hii ina jua au ilinyimwa.

Katika hospitali ile hakuna aliyejua lugha yake. Kifaransa hakukipata shuleni, na alipochoka aliacha hata Kiswahili cha kando ya ziwa, akabaki na Kifuliiru cha nyumbani. Félicien ndiye akawa mdomo wake na masikio yake. Jioni moja alijaribu kumweleza kazi ya profesa, ambaye Léocadie alimwita munganga, yaani daktari.

"Anataka kuangalia ubongo wako, Yaya."

Léocadie akacheka mpaka akashika mbavu. Uvira, bongo ni uongo, na minye ni mimi. "Munganga anatafuta bongo mu kichwa yangu? Umuambie minye sisemake bongo. Atafute kwa wengine."

Profesa naye alimweleza Félicien, taratibu, akichora duara juu ya karatasi na kuligawa kwa mstari.

"Kichwa kina pande mbili. Ugonjwa wa dada yako uko kulia. Kabla ya kukata lazima nijue mambo mawili. La kwanza, maneno yake yanakaa upande gani. La pili, na hili ndilo kubwa, upande wa kushoto unaweza kushika kumbukumbu peke yake? Nitaulaza upande mmoja kwa dawa, kwa dakika chache tu, niuulize ule ulio macho. Kama kushoto kunakumbuka, nitakata kulia naye atapona. Kama hakukumbuki, maana yake homa ile iliharibu pande zote mbili. Nikikata hapo, hataanguka tena, lakini hatashika tena jambo jipya maishani mwake. Mtu wa namna hiyo simkati. Umenielewa?"

"Nimeelewa," akasema Félicien.

"Mweleze na yeye, basi."

Alimweleza kwamba watamlaza kichwa nusu nusu. Lile la pili alilinyamazia. Alijiambia ya nini kumtia hofu kabla ya wakati wake.

Katikati ya mwezi wa tano redio ya wanafunzi ikasema Uvira imeshikwa na waasi. Barua zikakatika. Félicien hakujua kama mama yake yu hai, kama yuko Kasenga au katika shamba lake la Nyakabere, kama nyumba ingali na mlango. Alichojua ni kwamba kule watu walikuwa wanakimbia wakati uleule anaotia sukari katika chai ya dada yake.

Jaribio la kwanza walilifanya Jumatatu. Léocadie alilala chali, mikono yote miwili juu, anahesabu kwa Kifuliiru. Profesa alipitisha dawa katika mshipa wa shingo, upande wa kushoto. Mara mkono wa kulia ukaanguka, na hesabu ikakatika katikati ya neno. Félicien alimwita, "Yaya! Yaya!" Macho yake yalikuwa wazi, yanamwangalia, lakini hakutoa hata sauti. Kwa dakika nne hivi alikuwa na dada asiye na neno. Maneno yaliporudi, yalirudi kwanza majina ya watu wa nyumbani: mama, papa, wale wadogo wanne waliokufa. Profesa aliridhika. Maneno yalikuwa kushoto, mahali asipokusudia kukata.

Jumatano ikawa zamu ya upande wa kulia. Mara hii ulianguka mkono wa kushoto, ule wenye vidole vilivyoungana, ila maneno hayakukatika. Profesa alimwonyesha vitu vitano kimoja kimoja, na Léocadie akavitaja vyote bila kusita, Félicien akitafsiri: kitana, ufunguo, kijiko, mshumaa, picha ya kuku. Moyo wa Félicien ukapanda. Kisha wakangoja dawa iishe. Mkono ukapata nguvu. Masere Anne, aliyekuwa anaandika, akapindua ukurasa.

"Sasa muulize," akasema profesa. "Alionyeshwa vitu gani?"

Félicien akainama. "Yaya, munganga alikuonyesha vitu. Ni vitu gani?"

Léocadie alimwangalia kwa mshangao. "Vitu gani? Hajanionyesha kitu. Nililala, mkono ukawa kama kuni, na weye ulikuwa umesimama hapo unanitolea macho. Hakuna kitu nilichoona."

Wote walimgeukia yeye. Sentensi ya Léocadie ilikuwa ndefu. Mtu asiyejua lugha angeweza kusikia vitu kadhaa ndani yake. Félicien hakufikiria siku nyingi zilizo mbele. Aliona mawe ya mtoni tu, na mkono mmoja ulioinuliwa.

"Anasema kitana," akasema kwa Kifaransa. "Ufunguo. Kijiko. Na picha ya kuku."

"Na cha tano?"

"Cha tano hakikumbuki."

Aliuacha mshumaa makusudi, ili waamini. Jambo hilo la mshumaa ndilo alilokuja kujilaumu kuliko yote, kwani mengine angeweza kusema yalimtoka kwa hofu.

Profesa alitabasamu. "Vinne kwa vitano. Vizuri sana." Masere Anne akaandika.

Walimpasua juma lililofuata. Siku za kwanza alichanganyikiwa, nao wakasema ni kawaida. Hakuanguka. Juma likapita, la pili likapita, hakuanguka hata mara moja, yeye ambaye hakupata kumaliza siku nne. Félicien alikwenda katika kanisa la hospitali akalia kwa furaha. Lakini kila asubuhi Léocadie alipapasa kichwa chake akauliza, "Nani alininyoa?" Naye akamweleza. Saa moja baadaye akapapasa tena. Alijua Uvira nzima nyumba kwa nyumba. Alijua nyimbo za kupalilia, na jina la kila mpagazi wa Kalundu wa wakati wa baba yake. Lakini masere aliyemlisha asubuhi alimsalimia mchana kama mgeni.

Profesa alimpima upya kwa siku tatu, akamwita Félicien. Alionekana amezeeka.

"Sielewi," akasema. "Majibu yalikuwa mazuri. Nimeyasoma tena na tena."

Félicien aliangalia viatu vyake. Akaaga, akatoka.

Walirudi mwezi wa pili wa 1965, baada ya jeshi na wazungu wa kukodiwa kuitwaa tena Uvira. Ndege iliwashusha Bujumbura, wakavuka Ruzizi. Nyumba ya Kasenga ilikuwa imesimama, lakini mabati yameng'olewa, na jirani yao Candide, rafiki wa Léocadie wa utotoni, alikuwa amepanda maharage sebuleni. Alipowaona alijifunga kanga vizuri kabla ya kuwakaribia, wakajua.

Pétronille alikimbia na wenzake milimani wakati wa vita vya kuutwaa mji. Huko juu palikuwa na baridi na mvua, hapakuwa na blanketi. Alikohoa siku tisa. Walimzika kando ya njia, na Candide mwenyewe aliweka mawe.

Léocadie alipiga ukunga mmoja akajitupa chini, Félicien akadhani kifafa kimerudi. Hakikuwa kifafa. Alilia kama anavyolia binti wa kwanza, akimtaja mama yake kwa majina yake yote, mpaka majirani wakaja, mpaka sauti ikakauka.

Asubuhi aliamka, akafagia mbele ya mlango, akatazama barabara.

"Mama iko wapi?" akamwuliza Félicien. "Jua limepanda."

Akamwambia. Ningekuwa mwongo nikisema kilio cha siku ya pili kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza. Kilikuwa kilekile, kwa sababu kwake kilikuwa cha kwanza. Félicien alikuwa ameapa kutodanganya tena, kwa hiyo siku ya tatu alimwambia, na ya nne, na ya tano. Siku ya kumi na moja Candide aliingia, akamshika Félicien bega, akamtoa nje.

"Unamuua mama yenu kila siku," akasema. "Muache apumzike. Wote wawili."

Tangu siku hiyo akisikia "Mama iko wapi?" hujibu, "Alienda Nyakabere kupalilia." Naye Léocadie husema, "Kumbe," akaendelea na kazi yake. Hata hivyo kitu fulani kilikuwa kimemwingia mahali pasipohitaji kumbukumbu. Alianza kukaa kimya saa za asubuhi. Mara moja, akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, alisema bila kuulizwa: "Minye iko na kilio ndani, lakini siyui ninamulilia nani."

Félicien aliajiriwa katika dispensari, akamwoa Anne-Marie, mwanamke mpole wa uwanda wa Ruzizi ambaye alikubali kujitambulisha kwa wifi yake kila kunapokucha. Kwa miaka miwili alibeba siri peke yake. Kisha Jumapili moja, baada ya misa, alikaa na dada yake kibarazani akamweleza yote: chumba, vitu vitano, jibu lake, na jibu alilompa profesa.

Léocadie alisikiliza mpaka mwisho. Aliangalia mkono wake wa kushoto, akaupindua.

"Sianguki tena kabisa?"

"Kabisa, Yaya."

"Basi ungeniuliza, ningekubali," akasema. "Kuanguka ulikuona kwa macho tu, weye. Hukuanguka. Uache kulia kama mutoto."

Siku hiyo Félicien alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Lakini kesho yake Yaya hakujua kitu, na msamaha ule ukawa uko kwake peke yake, hauna shahidi. Alivumilia juma moja. Jumapili iliyofuata alimkalisha tena palepale akamweleza tena, kwa maneno yaleyale, na ukweli ni kwamba hakwenda kuungama, alikwenda kusikia tena lile neno.

Mara hii Léocadie alipapasa kovu la kichwani. "Kwa hiyo kila siku yangu inamwagika," akasema. "Hata hii tunayosema."

"Ndiyo, Yaya."

"Ungeniuliza, ningekataa." Akafunika uso kwa kanga. "Kuanguka nilikuzoea, Félicien. Nikiamka, nilikuwa minye. Ulichagua kitu changu bila mimi. Ulichagua juu ya woga wako."

Alilia mpaka mchana, na baada ya kula aliuliza kwa nini macho yanamwasha. Félicien hakumwambia tena maisha yake yote. Alikuwa na majibu mawili, yote ya Léocadie, yote ya kweli, na hakuna wa kumwambia lipi alishike.

Alimwandikia profesa akamweleza alilofanya. Jibu lilichukua miezi mitano, lilipita Bujumbura likiwa limefunguliwa na kubandikwa tena. Profesa hakumtukana. Aliandika kwamba siku hizi mgonjwa hujibu kwa kuonyesha vitu kwa kidole, akichagua kati ya vingi, ili jibu lisipite katika mdomo wa mtu anayempenda. "Kosa la kukuweka hapo lilikuwa langu," aliandika. "Lakini nilikuagiza umweleze. Je, ulimweleza?" Félicien aliisoma barua ile mara moja, akaitia katika kitabu cha sala, asiifungue tena.

Léocadie alikufa mwaka 1973, wakati wa masika, kwa nimonia. Alikuwa na miaka arobaini, na tangu apasuliwe hakuwa ameanguka hata siku moja. Siku ya tatu ya matanga, mchana, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai, katekista alimwomba Félicien aseme machache juu ya marehemu. Alisimama, akasema Yaya alivyombeba mgongoni, na sahani moja, na mtoni. Kisha akaendelea. Alisema kitana, ufunguo, kijiko, kuku. Alisema na mshumaa. Anne-Marie, ambaye hakuwahi kusikia habari hiyo, aliweka chini mtoto aliyekuwa anamnyonyesha.

Alipomaliza alibaki amesimama. Candide ndiye aliyesema, kwa sauti kavu:

"Miaka yote hii. Na sasa unatuambia sisi, ili iwe nini?"

"Yeye nilimwambia mara mbili," akasema Félicien. "Hakuweza kunishikia. Ninyi mutashika."

Candide aliinuka, akachukua sufuria yake ingawa chakula kilikuwa hakijagawanywa, akaenda kwake. Shangazi mmoja alianza wimbo, wengine wakampokea kwa uvivu. Mvua ikashuka, watu wakasogeza viti katikati.

Kwa mwaka mmoja na zaidi Candide alipita mbele ya dispensari bila kumsalimia. Msimu wa mahindi mjukuu wake alishikwa na degedege, akamleta mbio mikononi, akampa Félicien. Félicien alimpoza kwa maji, akamchoma sindano, akakaa naye mpaka homa ikateremka.

"Atakuwa kama Léocadie?" Candide akauliza hatimaye.

"Siyui," akasema Félicien. "Umulete tena kesho nimuangalie."

Akamleta.